Je, Wajua? Bahasha Inayosema "Umechaguliwa"

Je, wajua kwamba mwaka 1958 Bank of America iliwapelekea wakazi wa Fresno, California, kadi za mkopo zipatazo 60,000 bila wao kuziomba? Hazikuwa fomu za kujaza. Zilikuwa kadi zenyewe: unaitoa kwenye bahasha, unakwenda nayo dukani. Wezi walineemeka, na walioshindwa kulipa walikuwa wengi kuliko benki ilivyotarajia. Hata hivyo biashara ilishika, na kadi ile, BankAmericard, ndiyo inayoitwa Visa tangu 1976. Benki nyingine ziliiga mtindo huo mpaka mwaka 1970, Bunge la Marekani lilipopiga marufuku kumtumia mtu kadi asiyoiomba.

Kwa hiyo ofa halali inayokuja leo kwa posta ya Marekani ni mwaliko tu. Kile kijikadi cha karatasi ngumu kilichogundishwa kwenye barua hakinunui hata peremende. Ukikuta kadi halisi yenye jina lako, na hukuiomba wala haiji badala ya uliyonayo, mpigie mtoaji siku hiyohiyo kwa namba uliyoitafuta mwenyewe. Huenda kuna mtu ameomba kwa jina lako.

Je, wajua ni nani aliyekuchagua? Benki hupeleka vigezo vyake kwa taasisi zinazotunza taarifa za wakopaji, kama Equifax, Experian na TransUnion: tupeni watu wenye alama za mikopo kuanzia kiwango hiki, wasiochelewesha malipo. Taasisi huchekecha mafaili yake na kurudisha majina na anwani. Sheria ya mwaka 1970 inayosimamia taarifa hizo, Fair Credit Reporting Act, inaruhusu jambo hilo ikiwa anayepewa orodha anatoa ofa ya kweli kwa walio ndani yake. Hairuhusu orodha hiyo ioneshe uhusiano wako na mkopeshaji fulani. Basi kampuni usiyoijua ikikutajia deni lako la benki nyingine na tarakimu za mwisho za kadi yako, habari hizo zimetoka kwingine, na una haki ya kushtuka.

Hapo pana jambo linalowahusu sana ndugu zetu. Familia iliyotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, ikafika Marekani miezi michache iliyopita, kwa kawaida bado haina faili kwenye taasisi hizo. Haiwezi kuchaguliwa kwenye mafaili ambayo haimo. Ikipokea barua ya "umechaguliwa kutokana na historia yako nzuri ya mikopo", swali la kwanza ni moja tu: historia ipi?

Je, wajua kwamba ofa halali ya namna hii imelazimishwa na sheria kujitambulisha? Tandaza barua mezani. Ukurasa wa kwanza lazima uwe na tangazo fupi, limetengwa na maandishi mengine, kwa herufi kubwa kuliko maandishi makuu ya ukurasa huo na zisizopungua ukubwa wa pointi 12. Tangazo hilo linakwambia unaweza kukataa ofa za aina hii, linakupa namba ya simu isiyo na malipo, na linakuelekeza kwenye tangazo refu. Geuza karatasi. Tangazo refu lina kichwa cha herufi kubwa, PRESCREEN & OPT-OUT NOTICE, na linaeleza kwamba umepata ofa kwa sababu ya taarifa zilizomo kwenye faili lako. Matangazo yote mawili yakikosekana, jina lako halikupatikana kwa njia hiyo ya kisheria. Inaweza kuwa tangazo la kawaida la biashara, inaweza kuwa utapeli, lakini mwandishi wake hana msingi wa kudai kwamba faili lako ndilo lililokuchagua.

Tapeli naye anajua kunakili. Anaweza kuweka tangazo zuri kabisa kisha akabandika namba yake ya simu, na ukipiga kukataa ofa unaombwa tarehe ya kuzaliwa na namba ya Social Security. Mtego huu unawashika watu waangalifu hasa, kwa sababu hata huduma ya kweli huuliza mambo hayohayo. Namba ya kweli ya taasisi zile ni 1-888-567-8688, na tovuti yake ni optoutprescreen.com. Barua ikitaja namba nyingine, iache namba hiyo na utumie hii.

Je, wajua kwamba kuchaguliwa hakushushi alama zako? Upekuzi wa aina hiyo hauhesabiwi. Unaohesabiwa ni ule wa pale unapotuma maombi, nao hukaa kwenye faili miaka 2.

Na je, wajua kwamba aliyechaguliwa anaweza kukataliwa? Benki inaruhusiwa kuhakiki kipato na kazi yako, na kuangalia kama bado unatimiza vigezo vya awali. Ikikukataa, sheria inataka ikueleze sababu, au haki yako ya kuiuliza. Ikitumia ripoti yako kukukataa, una siku 60 za kuomba nakala yake bure. Mwaka 2022 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliibana kampuni ya Credit Karma kwa kuwaambia watumiaji kwamba wamekwisha kuidhinishwa, ilhali karibu theluthi moja ya walioomba walikataliwa. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 3. Kumbe hata kampuni inayojulikana inaweza kuahidi zaidi ya kile ilicho nacho.

Je, wajua kwamba ofa inaweza kuwa halali na bado ikakuumiza? Tafuta jedwali la masharti, linaloitwa kwa jina la Charles Schumer, aliyelipigania akiwa mbunge, na ambalo sheria ya mwaka 1988 ililifanya kuwa lazima. Riba ya manunuzi ndani yake haiandikwi kwa herufi chini ya pointi 16. Kisha soma ada. Sheria ya mwaka 2009 inazuia ada za lazima za mwaka wa kwanza wa akaunti kuvuka robo ya kikomo cha mkopo. Sikiliza maana yake: kadi ya kikomo cha dola 300 inaweza kukukata hadi dola 75 na bado ikawa ndani ya sheria. Unabaki na dola 225 kabla hujanunua hata unga, na tayari una deni la 75. Kadi za namna hiyo mara nyingi huwalenga wenye alama za chini, watu waleule ambao dola 75 ni chakula cha wiki. Mimi ningemshauri ndugu yangu akatae, hata kama benki ni ya kweli na muhuri ni wa kweli.

Je, wajua kwamba anayekupigia simu, akakuhakikishia kadi au mkopo, kisha akadai ada kwanza, anavunja kanuni za biashara ya simu za serikali ya Marekani? Na akitaka ada hiyo kwa kadi za zawadi, kata simu.

Je, wajua kwamba jina kubwa kwenye bahasha huenda si la mkopeshaji? Kadi nyingi za maduka na mashirika ya ndege hutolewa na benki ambayo jina lake limeandikwa kwa herufi ndogo chini. Tafuta jina hilo, litazame kwenye orodha ya FDIC inayoitwa BankFind, kisha nenda tovuti ya benki kwa kuandika anwani mwenyewe. Benki kubwa nyingi zina ukurasa wa kuingizia namba ya ofa iliyo kwenye barua. Namba ikikubali, umemaliza kazi.

Je, wajua kwamba taasisi zile haziruhusiwi kumweka kwenye orodha kijana wa chini ya miaka 21 bila ridhaa yake? Na kwamba kufunga faili lako, huduma ambayo ni bure tangu Septemba 2018, kunamzuia mwizi kufungua mkopo lakini hakuzuii ofa kuja? Barua usiyoitaka ichane vipande vidogo, maana ina jina lako na namba ya ofa.

Ukikataa ofa kwa simu au mtandaoni, katazo linadumu miaka 5. Ukitaka la kudumu, kuna fomu ya kuchapisha, kutia saini na kutuma kwa posta. Barua zitaendelea kuja kwa wiki kadhaa, na benki ambayo tayari una akaunti nayo bado inaweza kukuandikia.