Mwaka niliojifunza kusema 'sina'

NIKO na daftari la kurasa 48 nililonunua Januari 2024 kwa duka la mtaani, lile la jalada la bluu ambalo wanafunzi wa msingi hutumia kufanyia hesabu. Usiku wa Mwaka Mpya nilikuwa kejani peke yangu, Zimmerman, mafataki yakilia huko nje, mimi nikichora mistari mitatu ili nipate safu nne: Familia, Pesa, Starehe, Safari.

Wiki hii nimelifungua tena. Sikusudii kukuambia kwamba nimeomoka, kwa sababu sijaomoka. Lakini kuna mambo ambayo daftari hili limeniambia, na nadhani kama wewe ni kijana unayefanya kazi Nairobi na uko na watu nyumbani wanaokutegemea, yatakuhusu.

Tuanze na pesa, maana ndizo zilizovuruga zile safu zingine zote.

Mimi ni karani wa stoo katika duka la vifaa vya ujenzi mjini. Mshahara wangu ni Sh34,000. Ukiondoa ushuru, NSSF, bima ya afya na ile asilimia 1.5 ya nyumba, mfukoni huingia kama Sh28,700. Kodi ya nyumba ni Sh7,000. Nauli, Sh140 kwa siku, ni Sh3,640 kwa siku 26 za kazi. Chakula Sh6,500. Gesi, sabuni, bundles na vitu vidogovidogo Sh2,500. Nyumbani natuma Sh6,000. Ukijumlisha, zinabaki Sh3,060. Kwa karatasi, mimi ni mtu mzima anayejiweza.

Shida ni kwamba Januari hiyo nilikuwa na deni la Sh28,200. Sh20,000 zilikuwa za mikopo ya simu kutoka kwa programu tatu tofauti, Sh5,000 za rafiki, na Sh3,200 za mama wa duka aliyekuwa ameanza kunisalimia bila kutabasamu. Si unajua vile mikopo hiyo huenda? Unachukua Sh6,000, baada ya siku 30 unatakiwa kurudisha Sh7,080. Huna. Unachukua kwingine ulipe hapa. Mwezi unaofuata una madeni mawili na bado hujanunua hata soksi.

Nilitaka kujua pesa zangu zilienda wapi. Nikaomba taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima wa 2023, nikaketi nayo Jumapili moja na kalamu nyekundu. Mazee, usifanye hivyo kama hujala. Kubeti pekee nilikuwa nimeweka Sh41,750. Nilizoshinda zilikuwa Sh12,600. Yaani nilipoteza Sh29,150, zaidi ya deni langu lote! Na mimi ndiye nilikuwa nikiwaambia watu ati nabeti "mbao mbao tu, kujifurahisha".

Kwa safu ya Starehe nilikuwa nimeandika neno moja: mpira. Nikalifuta, kwa sababu ukweli ni kwamba sikuwa nikitazama mpira. Nilikuwa nikitazama pesa zangu zikikimbizwa na watu 22.

Kwetu ni Makueni. Baba alituacha nikiwa darasa la saba, na mama ametulea kwa maembe, maharagwe na vibarua. Mimi ndiye kifungua mimba. Mdogo wangu alikuwa Kidato cha Pili mwaka huu, katika shule ya bweni ambayo karo yake ni Sh40,535 kwa mwaka. Muhula wa kwanza unalipa nusu, yaani zaidi ya Sh20,000, kabla hata hujanunua sare.

Hapa niseme ukweli ambao nimeukwepa muda mrefu. Bweni halikuwa wazo la mama, wala la kijana mwenyewe. Lilikuwa langu. Mimi nilisoma shule ya kutwa, nikitembea kilomita tano asubuhi na tano jioni, na nilikuwa na wivu na wale waliokuwa na sanduku la bati, kufuli na godoro. Nilipopata kazi nikaapa ndugu yangu atakuwa na sanduku. Nilimnunulia la kijani. Mama aliuliza mara moja tu kama nitaweza. Nikamwambia, "Usijali mama, hiyo ni yangu."

Kwa hivyo karo ilipofika nilikopa. Nilikopa Januari. Kisha mvua kubwa za Aprili zikaja, nchi ikafurika, shule zikaahirishwa kufunguliwa hadi Mei 13, na nikafurahi kimyakimya kwa sababu nilipata wiki mbili zaidi za kutafuta pesa. Fikiria hilo. Watu wanapoteza nyumba na wapendwa wao, mimi nafurahia likizo kurefushwa. Deni hukufanya mtu mbaya bila wewe kugundua.

Juni maandamano ya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha yakafunga mji. Jumanne ya Juni 25 hatukufungua duka. Siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatautia saini mswada huo, lakini wiki hizo biashara ilikuwa imelala na zile saa za ziada ninazotegemea hazikuwepo. Programu moja ikaanza kumpigia bosi wangu simu. Akaniita ofisini, akanionyesha nambari, akaniuliza, "Huyu ni nani yako?" Nilitamani sakafu ipasuke.

Baadaye nilikuja kujifunza kwamba tangu 2022 Benki Kuu ya Kenya ndiyo inayowapa leseni watoaji mikopo wa kidijitali, na kanuni zake zinawakataza kuchukua orodha ya nambari kwa simu yako ili wakuaibishe. Kabla ya kubonyeza "kubali", angalia kama jina lao liko kwenye orodha ya waliopewa leseni. Mimi sikuwa nimeangalia.

Mama akanisoma

Mwanzoni mwa Agosti mama alikuja Nairobi kliniki ya macho. Alilala kwangu siku tatu, mimi nikalala sakafuni. Siku ya pili nilitoka kazini saa moja jioni nikapata jiko limezimwa, sufuria iko tupu, na mama ameketi kitandani na daftari la bluu mapajani. Alikuwa akitafuta karatasi ya kuandika vitu vya kununua sokoni.

"Hizi nambari ni za nani?" akaniuliza.

Nikajaribu kucheka. Hakucheka.

"Kumbe umekuwa ukinitumia pesa za watu."

Nilitarajia alie, au anihurumie. Alikasirika. Alisema amekuwa akiwaambia wanawake wa chama chake kwamba mwanawe yuko sawa Nairobi, na kwamba alikuwa na mbuzi wanne ambao angeuza kama ningemwambia. Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau: "Ulidhani unanibebea mzigo. Ulininyima nafasi ya kuwa mama yako."

Usiku huo tulikula mkate na chai, tukapiga hesabu pamoja. Uamuzi ulikuwa mmoja tu uliokuwa na maana: kijana atoke bweni, aingie shule ya kutwa ya karibu na nyumbani muhula wa tatu ukianza, Agosti 26.

Mimi ndiye niliyempigia kumwambia. Alinyamaza muda mrefu, kisha akakata. Kuanzia hapo nikipiga simu ya mama na kuomba kuongea naye, nilikuwa nasikia sauti yake kwa umbali ikisema, "Mwambie niko shambani." Saa mbili usiku, shambani! Septemba yote ikaisha hivyo. Oktoba pia.

Ndege wa bure

Sasa nikuambie kuhusu ile safu ya Starehe, kwa sababu ndiyo iliyoniokoa nisirudi kubeti.

Jumamosi jioni ndiyo ilikuwa saa yangu ya hatari. Niliifuta ile programu, lakini vidole viliitafuta simu vyenyewe. Rafiki mmoja wa kazini akaniambia, toka nyumba. Tukaanza kutembea, mwanzo Karura, ule msitu ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea mwaka wa 1999 usinyakuliwe. Nimeishi kilomita chache kutoka Karura miaka minne na sikuwa nimewahi kuingia. Nilidhani ni ya watu wa magari na mbwa wakubwa. Kumbe unalipa kiingilio, unatembea mpaka miguu ichoke, hakuna anayekuuliza umetoka wapi.

Rafiki huyo anapenda ndege. Mimi nilimcheka, kisha nikaanza kuwatambua. Yule anayepiga kelele alfajiri juu ya paa kama mtu anayedai kodi ni kwarara. Wale wakubwa wenye upara, wanaosimama juu ya miti karibu na Uwanja wa Nyayo kama wazee wa kamati, ni kongoti. Kenya ina zaidi ya spishi 1,000 za ndege na hakuna hata mmoja anayetoza ada. Nyuma ya daftari nimeandika 61 hadi sasa. Hiyo ndiyo "jackpot" yangu ya mwaka.

Sikusemi ikiwa wewe unapenda kushona, kupika au kupiga gitaa. Ninachosema ni kwamba ukiondoa kitu kibaya bila kuweka kingine mahali pake, kile kibaya kitarudi na ndugu zake.

Longonot

Shule zilipofungwa Novemba, nilimwambia mama amtume kijana Nairobi. Alikuja. Alisalimia vizuri, akala vizuri, na hakusema lolote zaidi ya "ndio" na "hapana". Jumamosi Desemba 14 nikamwamsha saa kumi alfajiri tukaenda Longonot.

Kwa wanaopanga kwenda: ni karibu kilomita 90 kutoka Nairobi. Tulipanda matatu ya kupitia barabara ya chini, tukapita Mai Mahiu, ambako mafuriko ya usiku wa kuamkia Aprili 29 yaliua makumi ya watu. Gari zima lilinyamaza. Kiingilio cha mbuga unalipa kupitia eCitizen, kwa hivyo weka chaji ya kutosha kwa simu. Beba maji, lita mbili kila mtu zisipungue, na kofia. Huko juu hakuna duka na kivuli ni haba.

Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta ni kama kilomita tatu, na vumbi lake ni jivu la volkano linaloteleza kama unga. Pundamilia walikuwa wakila nyasi bila kutujali. Ukifika ukingoni unatazama chini, na ndani ya shimo lile kubwa kuna msitu mzima. Kuuzunguka ukingo ni kilomita 7.2, na kilele chake kiko mita 2,776 juu ya usawa wa bahari. Mimi nilifika kilele nikipumua kama trekta. Yeye alikuwa ameketi tayari, anatazama Ziwa Naivasha.

Nikaketi. Nikamweleza kila kitu: mikopo, kubeti, bosi, hata ule wivu wangu wa sanduku la bati. Nilikuwa nimebeba daftari, nikampa alisome. Alisoma kurasa zote akiwa ameshikilia zisipeperushwe na upepo.

"Ungeniuliza tu," akasema. "Hata kwenda bweni hukuniuliza. Na kutoka hukuniuliza."

Sikuwa na jibu, kwa sababu ilikuwa kweli mara mbili.

Baada ya muda akauliza, "Kwa hivyo Januari? Naweza kurudi?"

Nilihisi lile jibu la zamani likipanda kooni: usijali, hiyo ni yangu. Nikalimeza. Nikasema, "Sina. Kwa sasa sina."

Akaokota kijiwe, akakitupa kuelekea kreta. "Sawa," akasema. Kisha, baada ya kama dakika moja: "Lakini raba zangu zimeisha, kaka. Hizo uko nazo?"

Hizo niko nazo. Tulizinunua Gikomba Jumatatu iliyofuata, Sh900, yeye mwenyewe akipunguza bei kutoka Sh1,500.

Hesabu ya mwisho

Kwa hivyo daftari linasema nini Desemba hii? Deni limeshuka kutoka Sh28,200 hadi Sh6,300, zote za programu moja iliyobaki. Rafiki nimemlipa. Mama wa duka anatabasamu. Tangu Septemba naweka Sh500 kila mwezi kwa sacco ya kazini, kwa hivyo akiba yangu ni Sh2,000. Usicheke. Mwaka jana ilikuwa sufuri. Nyumbani natuma Sh4,000 badala ya Sh6,000, na mama anajua ni kwa nini.

Ndugu yangu bado anataka kurudi bweni. Matokeo yake ya muhula wa tatu hayakupanda wala kushuka. Sijui kama amenisamehe kabisa, na sitamlazimisha. Ila juzi nilipiga simu ya mama saa mbili usiku, akaipokea yeye. Alitaka kuniambia ameona ndege fulani mwenye mdomo mkubwa uliopinda kwenye mwembe wetu. Nikamwambia huyo ni hondohondo. Akasema anajua, anataka tu nimwandike kwa daftari.

Kama na wewe uko na siri ya aina hii kwa simu yako, na kuna mtu nyumbani anayedhani uko sawa, mpigie kabla hajaikuta mwenyewe. Atakasirika. Wangu alikasirika. Lakini kesho yake asubuhi aliamka mapema, akawasha jiko na kunipikia uji kabla sijaenda kazini.