Nyuki wa Miombo (3): Kabla ya Kugawa Mizinga

Wiki iliyopita tuliona jinsi kundi la nyuki linavyohamia mzinga mpya. Leo tuangalie jambo ambalo viongozi na wafadhili hulirahisisha mno: kumsaidia mfugaji. Mizinga ya mbao hukabidhiwa vikundi kwa hotuba na picha, na si michache inayobaki mitupu vichakani hadi mchwa wakaimaliza.

Nyuki hufuata mbochi na maji. Huko Tabora na Katavi, asali hutokana zaidi na miti ya muba, mtundu na myombo. Muba huchanua mvua zinapoelekea kwisha. Mtundu na myombo huchanua kiangazi kikiwa kikali, kabla ya mvua za kwanza. Ndiyo maana mrinaji ana misimu miwili. Miti hiyohiyo hukatwa kwa kukaushia tumbaku na kuchoma mkaa, na muba ukiisha, msimu mzima umekwenda nao. Tuseme kweli pia kuhusu mzinga wa gome: gome hubanduliwa kuzunguka shina lote, na mti hukauka ukiwa umesimama. Hapo ndipo mzinga wa mbao una faida isiyobishaniwa.

Sasa tuje kwenye kurina, kwani ndiko hasara kubwa iliko. Sega lililoiva limefunikwa kwa utando mwembamba wa nta. Nyuki hupepea mbochi kwa mabawa hadi maji yapungue, ndipo wanapoziba matundu. Asali yenye maji zaidi ya asilimia 20, kikomo cha viwango vya kimataifa, huchacha kwa urahisi. Mrinaji mwenye haraka hukata kila sega analolifikia, lililozibwa na lisilozibwa, pamoja na majana na chavua, akakamulia vyote kwenye ndoo moja. Baada ya muda povu hupanda na mfuniko huvimba. Mnunuzi humlaumu mfugaji, naye alirina mapema kwa sababu ada ya mtoto haikungoja. Tena huyo mnunuzi mara nyingi hulipa bei ileile kwa ndoo safi na ndoo chafu. Mambo yakiwa hivyo, semina hata kumi hazitamshawishi mtu asubiri sega liive.

Kwa hiyo, ningekuwa na fedha za mradi, ningeanza na ndoo za chakula zenye mifuniko, vichujio, na kipima maji ya asali kimoja kwa kila kikundi. Kisha zitangazwe bei mbili hadharani kituoni, ya asali iliyoiva na ya ile mbichi, na mfugaji ashuhudie ndoo yake ikipimwa.

Sambamba na hayo, msitu upimwe. Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002 inaruhusu kutenga hifadhi za nyuki. Kijiji chenye hifadhi inayotambulika kina pa kusimamia kinapomkabili mkata mkaa. Kikundi chenye mizinga mia msituni, bila hifadhi, humwomba tu.

Toleo lijalo tutaingia kwenye nta, na kwa nini mzinga wa gogo huitoa kwa wingi kuliko mzinga wa fremu.