Mabehewa Yasiyorudi: Kuvuja kwa Rasilimali katika Programu za Ujumbe

Reli itokayo Kaliua hukomea Mpanda, mji wenye kata ya Kashaulili. Kila behewa liingialo hapana budi lipakuliwe na kurudishwa. Mabehewa yasiporudi, yadi hujaa na usafiri husimama, ijapokuwa hakuna reli iliyokatika wala injini iliyoharibika. Programu ya kompyuta ipokeayo na kupeleka ujumbe yaweza kukwama vivyo hivyo.

Programu nyingi za namna hiyo zimeandikwa kwa lugha ya Java, iliyotolewa mwaka 1995. Mojawapo ni DHIS2, mfumo wa takwimu za afya utumikao Tanzania, ambao waweza kupokea taarifa kwa ujumbe wa simu. Mfumo wa aina hii ukikwama, taarifa ya zahanati kuhusu dawa zilizokwisha haifiki.

Java ina mfagiaji wake, aondoaye katika kumbukumbu vitu visivyohitajika tena. Lakini miunganisho ya kwenda kompyuta nyingine haitegemei mfagiaji huyo. Yapasa ifungwe na programu yenyewe. Kosa la kawaida ni kuweka amri ya kufunga mwishoni mwa kazi. Hitilafu ikitokea katikati, amri hiyo hurukwa, na muunganisho hubaki wazi.

Ichukuliwe kwamba programu imeruhusiwa kufungua miunganisho 1,024 kwa pamoja, na kwamba kila dakika mmoja husahauliwa. Baada ya saa 17 na dakika 4 nafasi zote zitakuwa zimekwisha. Kuiwasha programu upya husafisha yadi, lakini hakuzibi mvujo. Kesho yake tatizo hurudi.

Uchunguzi huanza kwa kuhesabu. Idadi ya miunganisho iliyo wazi iandikwe kila baada ya muda maalumu, kisha ichorwe grafu. Katika programu yenye afya, mstari hupanda kazi inapozidi na kushuka inapopungua. Katika programu inayovuja, mstari hupanda tu, hata usiku ambapo ujumbe ni haba. Ndipo hutafutwa sehemu ifunguayo bila kufunga, hasa katika njia zipitwazo wakati wa hitilafu.

Dawa yake yajulikana. Tangu toleo la 7 la mwaka 2011, Java huweza kufunga yenyewe kitu kilichofunguliwa ndani ya fungu maalumu la amri, kazi ifanikiwe au ishindikane. Kanuni ni moja: afunguaye ndiye afungaye.