Mizani ya bucha isikae meza moja na gogo

Wenzangu wa bucha Masasi na Newala, msimu wa korosho wateja wanaongezeka, mizani haipumziki. Sasa cheki imekaa wapi. Nyingi naziona meza moja na gogo. Kila shoka likishuka mizani inatikisika, mwisho inasoma uongo. Ukizidisha gramu 50 kila kilo, kwenye kilo 40 umegawa kilo 2 bure. Na ikipunja, mteja anaenda kupimisha kwa jirani, hapo huna mteja tena.

Ipe meza yake isiyoyumba, feni isiipulizie. Sinia likiwa tupu isome sifuri ndo upime. Mimi kila asubuhi naijaribu kwa jiwe la kilo 1 lililohakikiwa na Wakala wa Vipimo.

Friza nayo usiibane ukutani, ikikosa hewa inakula umeme na nyama haigandi vizuri.