Utangulizi: Nani Anangoja, Nani Anabeba

Umeingia kwenye taaluma inayochunguza jambo ulilolifanya tangu ukiwa mtoto wa kutumwa dukani: kununua kitu na kukifikisha nyumbani. Kwa kuwa kila mtu analijua, wengi hawaoni kama lina elimu ndani yake. Na wanaoiona hiyo elimu huitafuta mbali. Mwanafunzi akisikia teknolojia ya ununuzi, mawazo yake hukimbilia Ulaya, kwenye mashine za kujihudumia na makabati yanayofunguka kwa namba ya siri. Hayo yapo na tutayagusa. Ila kitabu hiki kinaanzia Tukuyu, na nina sababu.

Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu Langenburg, iko kwenye barabara itokayo Mbeya kwenda Kyela na mpaka wa Kasumulu. Pande zote ni chai, migomba, parachichi na ng'ombe wa maziwa. Mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, hivyo chochote kinachosafirishwa huku hufunikwa kwanza. Maduka ni madogo, wateja wengi hushuka kutoka vijijini, na sehemu kubwa ya bidhaa za viwandani inatoka Kariakoo, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa. Mahali pa namna hii kifaa kipya hakipewi muda wa kujieleza. Kikimpunguzia mtu adha kinabaki. Kisipompunguzia kinarudi kwenye boksi lake.

Hoja yangu niiseme mapema, ili usiitafute kurasa mia mbili. Teknolojia ya ununuzi mara chache huondoa kazi, aghalabu huihamisha. Kungoja, kubeba, kuhesabu na kukopesha havifutiki, lazima kuwe na mtu wa kuvifanya. Kazi yetu ni kumtafuta huyo mtu.

Chukua duka la dirisha, lile la wavu wa nondo, bidhaa nyuma, muuzaji katikati. Wageni huliona kama duka ambalo halijaendelea. Lakini hata Marekani, kabla ya 1916, ndivyo watu walivyonunua: unataja unachotaka, karani anakuchukulia. Mwaka huo Clarence Saunders alifungua Piggly Wiggly mjini Memphis, akamruhusu mteja apite mwenyewe kwenye rafu akiwa na kikapu. Gharama za makarani zilipungua kwa sababu mzunguko wa dukani sasa ulikuwa juu ya miguu ya mteja. Mwaka 1937 Sylvan Goldman wa Oklahoma City akaongeza toroli. Tarehe 26 Juni 1974, katika duka la Marsh mjini Troy, Ohio, pakiti ya bigijii za Wrigley ikawa bidhaa ya kwanza kuuzwa dukani kwa kusomwa bakodi, ile mistari myeusi na myeupe. Hesabu ikahama kutoka kichwani mwa karani kwenda kwenye mashine.

Kwa nini basi dirisha halijaondoka Tukuyu? Kwa sababu ya kupimiwa. Sukari hununuliwa robo, mafuta ya kula hupimwa, mche wa sabuni hukatwa vipande, sigara huuzwa mojamoja. Bakodi haisomi kipande cha sabuni. Inataka bidhaa iliyofungwa kiwandani na kununuliwa nzima, na mwenye mshahara wa siku hanunui kitu kizima. Hapa nichomekee jambo linalonikera kidogo: wengi huamini kuwa namba 620 mwanzoni mwa bakodi inathibitisha kitu kimetengenezwa Tanzania. Haithibitishi. Inaonyesha tu kwamba namba hiyo imetolewa kupitia GS1 Tanzania, wagawaji wa namba za bakodi. Bidhaa yenyewe inaweza kuwa imetoka kokote.

Tuje kwenye malipo, sura iliyo tajiri kuliko zote.

M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikaingia Tanzania 2008. Baadaye zikaja Tigo Pesa, Airtel Money na nyinginezo. Zote zilianza kama njia ya kutumiana hela, si ya kununulia. Wateja walipoanza kulipa dukani kwa kumtumia muuzaji kwenye namba yake ya kawaida, likazuka suala la ya kutolea. Umechukua mchele wa Kyela, umetuma bei kamili, na muuzaji anakutazama: "Dada, weka na ya kutolea." Ana haki. Akienda kwa wakala kuitoa hela hiyo, atakatwa, na faida yake kwenye kilo mbili za mchele haizidi sana makato hayo.

Lipa namba ililenga kumaliza ubishi huo. Bango linabandikwa dirishani, mteja anaingiza namba ya duka, anaona jina la duka kabla ya kuthibitisha, na hadaiwi ya kutolea. Makato hayakufa. Yalivuka dirisha yakaenda upande wa muuzaji, ambaye hukatwa anapoihamisha au kuitoa hela yake. Ndiyo maana utakuta bango lipo na bado unaulizwa, kabla ya kutajiwa bei, "Unalipa keshi au simu?" Wengine huimeza gharama ili wasipoteze mteja, wengine huificha ndani ya bei. Benki Kuu ya Tanzania nayo imeweka kiwango cha pamoja, TANQR, ili msimbo mmoja wa QR dukani usomwe na programu za benki na mitandao mbalimbali. Msimbo wa QR wenyewe ulibuniwa Japani mwaka 1994 na Masahiro Hara wa Denso Wave, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari. Sasa unauza vocha na mkate.

Halafu kuna kungoja. Mteja amelipa, anasema amelipa, anaonyesha simu. Muuzaji hatazami simu ya mteja, anatazama ya kwake. "Imesoma?" "Bado." Wote wawili wanasimama pale dirishani. Muuzaji hana roho mbaya; meseji za kughushi zimeshawaliza wengi, na mwenye duka mzoefu kwanza huangalia meseji imetumwa na nani, ndipo asome kiasi. Mvua ikiwa nzito na mtandao ukasuasua, keshi ina kasi kuliko simu. Nchini India wamejaribu kulitatua hili kwa kisanduku kinachotangaza kwa sauti kwamba hela imeingia, muuzaji asilazimike kuacha mizani kushika simu. Ni kifaa kidogo, na kwa maoni yangu mbunifu wake alilielewa duka la dirisha kuliko wengi walioandika vitabu.

Mwanafunzi anayetaka jaribio ambalo hakuna mtafiti angeruhusiwa kulifanya, asome mwaka 2021. Julai serikali ilianza kutoza tozo kwenye miamala ya simu. Kelele zikawa kubwa, Septemba tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na 2022 ikapunguzwa tena. Hapo utaona wazi kwamba njia ya malipo si mazoea tu. Mtu anapiga hesabu, na anaweza kurudi kwenye noti bila kuona haya.

Kitu kimoja ambacho simu haijakiondoa ni daftari la madeni. Huduma ya Songesha ya Vodacom humkopesha mteja salio likipungua akamilishe malipo, lakini kwa ada. Deni la daftari halina riba ila lina aibu, na muuzaji anayekufahamu anajua lini chai yako italipwa.

Sasa kubeba. Novemba 2019 kampuni ya Jumia, iliyokuwa ikiuza bidhaa kwa mtandao, ilifunga shughuli zake Tanzania. Wapo waliosema soko halikuwa tayari. Sikubaliani nao. Soko lilikuwa tayari na lilikuwa na mfumo wake, uliopanda mabasi.

Utazame kwa karibu. Mama mwenye duka la vitenge Tukuyu anaona picha za mzigo mpya kwenye WhatsApp ya muuzaji wa jumla Kariakoo. Anazungushia duara anavyotaka, anairudisha picha, anatuma hela. Kijana wa dukani anafunga mzigo kwenye salfeti, anaushona kwa shazia, kisha anaandika kwa makapeni jina, neno TUKUYU na namba ya simu, mbele na nyuma, maana upande mmoja hulowa. Anaupeleka ofisi ya basi linalokwenda Kyela. Halafu anapiga picha tatu: risiti, namba ya usajili ya basi, namba ya kondakta. "Mzigo umepanda, mama."

Kuanzia hapo mama anafuatilia mzigo kwa kumpigia kondakta simu na kuhesabu vituo vya barabarani, si kwa ramani. "Ndiyo tunaiacha Chimala," kondakta anasema, na mama anajua bado Igurusi, bado Uyole, kisha ule mlima wa kupandisha huku. Basi likikaribia anampa bodaboda ile picha ya risiti. Bodaboda si mwenye mzigo, hana kitambulisho kinachofanana na jina lililoandikwa, lakini ana picha na anaitaja namba. Anapewa.

Tangu 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, mzigo unaweza kushuka alfajiri mwenyewe akiwa amelala. Ndipo maduka ya pembeni ya stendi yanapopata kazi ya kupokea na kutunza. Ujerumani, tangu 2001, kampuni ya vifurushi ya DHL ina makabati ya Packstation ambako kifurushi hukaa mpaka mwenyewe aje na namba yake ya siri. Kabati na duka la pembeni ya stendi vinauza kitu kilekile: kungoja kwa niaba yako. Tofauti ni kwamba duka linaweza kukupigia simu kukwambia boksi limelowa.

Mfumo huu una mianya. Mzigo ukipotea, picha ya risiti haitoshi kila mara. Kwa sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya 2010, kubeba vifurushi vya watu ni biashara ya leseni chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na mteja anayeifahamu sheria hiyo ana mahali pa kuanzia kudai. Nazo nguzo za anwani za makazi, zilizosimikwa kwa wingi mwaka 2022, zimeupa kila mtaa jina. Bodaboda wa Tukuyu bado anaelekezwa kwa kanisa na kwa jina la mama wa watoto.

Upande wa mazao nitapita haraka, kwa kuwa una sura yake. Sokoni Kiwira mkungu wa ndizi huuzwa kwa macho, hauwekwi kwenye mizani, na mnunuzi wa Dar es Salaam anaweza kuwa na picha tu mkononi. Viazi vina lumbesa, gunia linaloshonewa kilemba juu, ambalo Wakala wa Vipimo amelipiga vita miaka na miaka. Simu imemsogezea mkulima bei ya mjini. Gunia bado linajazwa na anayenunua.

Usiamini pia kwamba urahisi husonga mbele tu. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ilifunga maduka ya watu binafsi ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ujamaa na ushirika, kisha ikalegezwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 teknolojia kuu ya ununuzi ilikuwa foleni. Waulize wazee wa Rungwe, wilaya yenye Tukuyu, sukari na sabuni zilipatikanaje. Wapo watakaokutajia ule mpaka wa Kasumulu.

Rungwe si ngeni kwa watafiti. Godfrey na Monica Wilson waliishi huku miaka ya 1930 wakichunguza vijiji vya marika, yaani vya watu wa rika moja, na kitabu cha Monica, Good Company, kilitoka 1951. Walikuja na subira ya kukaa na kutazama, na subira hiyo ndiyo ninayoiomba kwako.

Basi usianze na sura ya kwanza. Anza na duka unalonunua kila siku. Muulize muuzaji alikatwa kiasi gani kutoa hela ya jana, na nani alilipa. Nenda stendi basi la Dar linapoingia, umtafute anayeshika mizigo ambayo wenyewe hawajafika, umuulize analipwaje. Andika majibu kwa maneno yao, kisha ufungue kitabu hiki. Wakinipinga, waamini wao kwanza.