Kiti cha Kukodi Safarini: Kikivunjika, Nani Atalipa?

Mzee aliyepooza miguu akiitwa kliniki Mbeya, familia hukodi au huazima kiti cha magurudumu, kikapakiwa kwenye buti la basi pamoja na magunia ya mahindi. Kabla hamjatoka Sumbawanga, ulizaneni: kikivunjika au kikiibwa njiani, nani atalipa?

Wengi hujibu kwamba basi lina bima. Bima ndogo, ile ya lazima, imekusudiwa hasa watu wanaoumia au kufa ajalini. Msiitegemee kwa kiti kilichopondwa na mizigo. Bima ya afya nayo hulipia matibabu, si mali ya kukodi.

Kiti cha kusukuma kwa mkono mimi nisingekikatia bima kwa safari ya siku 3. Andikianeni na mwenyewe: breki na matairi yakoje, thamani yake, nani atakitengeneza. Cha betri ni habari nyingine, maana ni ghali na mafundi wake ni wa kutafuta. Hicho kikatieni, ila someni kwanza kama bima inalipa wizi, na hasara ya kiti kikiwa kwenye buti.

Mto wake usiende kwenye buti kamwe. Asiye na hisia makalioni huweza kupata kidonda cha mgandamizo kwa saa chache tu, na kupona huchukua miezi. Aukalie humo basini, ainuliwe kidogo kila nusu saa. Jioni mkague ngozi: penye joto, ugumu au weusi uliozidi, asipakalie tena mpaka patulie.