Maharage ya Kasulu na Kibondo: gesti nafuu ni ile yenye uwanja

Msimu wa maharage unapofunguka katika nyanda za juu za Kigoma, hesabu za mfanyabiashara huanzia shambani: bei ya gunia, malipo ya vibarua wa kupakia, ushuru wa mazao na kodi ya gari. Gharama moja husahaulika mara nyingi hadi jua linapozama gari likiwa bado njiani. Nayo ni gharama ya kulala.

Kwa msafiri mwenye begi tu, kulala ni bei ya chumba. Kwa mwenye Fuso lililosheheni magunia 100, kulala ni chumba pamoja na mahali pa kuweka gari, na hicho cha pili ndicho kinachoweza kula faida ya safari nzima. Gesti inayotangaza bei ya chini mlangoni inaweza kuwa ghali kuliko zote mtaani, ikiwa haina ua, geti wala mlinzi.

Maharage ya Kasulu, Kibondo na Buhigwe huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwanza kati ya Desemba na Januari, kisha kati ya Mei na Juni. Mavuno ya kwanza huangukia katikati ya mvua, ambapo gunia lililolowa hushuka daraja sokoni. Ndiyo maana mahali pa kulaza gari ni jambo la kupangwa kabla ya safari.

Soko la vyumba lilivyojengeka

Biashara ya nyumba za kulala wageni katika miji hii miwili ina historia yake. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, wakimbizi wengi walivuka mpaka na kuingia Kigoma na Kagera. Mwaka 1996 vita vya Zaire, ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, vilileta wengine, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa wilayani Kasulu. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na mashirika mengine yalileta maofisa, madereva na magari. Mwaka 2015 wimbi jingine lilitoka Burundi, na kambi ya Nduta wilayani Kibondo ikafunguliwa upya.

Wageni hao walikuwa na sharti moja la kudumu: gari lazima lilale ndani ya ua. Barabara za vumbi zilipita katika misitu ambamo ujambazi wa silaha ulikuwa tishio, na kwa miaka kadhaa baadhi ya safari zilifanywa kwa kusindikizwa na askari. Mwenye nyumba aliyejenga ukuta, akaweka geti na kuajiri mlinzi, alipata wapangaji wa muda mrefu. Aliyeongeza vyumba bila ua alibaki na wapita njia.

Hali imebadilika. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwaka 2012 na ya Mtendeli mwaka 2021, na tangu 2017 Warundi wengi wamerejea kwao kwa hiari. Wakati huohuo lami imefika. Mradi wa barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu una urefu wa kilomita 260, nao umegharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika pamoja na fedha za Serikali. Kuna pia kilomita 50 za Nyakanazi hadi Kabingo na kilomita 63 za Kasulu hadi Kidahwe. Safari iliyomlazimu dereva kulala Kibondo au Kasulu, atake asitake, sasa inampa nafasi ya kuchagua.

Kwa mwenye gari, uchaguzi huo ni nafuu mpya. Kwa mwenye gesti, ni ushindani ambao hakuuzoea.

Hesabu ya usiku mmoja

Bei za vyumba hupanda na kushuka kwa msimu, hivyo tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, za kuonyesha njia ya kupiga hesabu.

Chukulia dereva anafika jioni katika mji mkubwa akiwa na shehena. Gesti ya kwanza iko katikati ya mji na chumba ni Sh 15,000. Haina maegesho. Gari linapelekwa kulala kwenye ua wa mtu mwingine kwa Sh 10,000, na bodaboda ya kurudi gesti na kulifuata gari alfajiri ni Sh 6,000. Jumla ni Sh 31,000.

Gesti ya pili iko pembezoni, kandokando ya barabara ileile anayopita. Chumba ni Sh 25,000, na gari linalala uani bila malipo ya ziada. Jumla ni Sh 25,000. Chumba kilichoonekana ghali kimekuwa nafuu kwa Sh 6,000.

Njia ya tatu hutumiwa na wengi wenye mtaji mdogo: kuchukua chumba cha Sh 15,000, kuliacha gari barabarani na kumwacha utingo alale juu ya mzigo. Hapo kunaokolewa Sh 10,000 kila usiku. Lakini ikiwa gunia moja la maharage lina thamani ya Sh 200,000, kuibiwa gunia moja tu katika usiku 20 kunafuta akiba yote ya siku hizo. Hapo hakujahesabiwa turubai lililochanwa kwa kisu, betri iliyofunguliwa au mafuta yaliyonyonywa kwenye tangi, wala hatari inayomkabili utingo mwenyewe.

Njia ya nne ni mtego kwa wanaosikia kuwa nje ya mji ni rahisi. Gesti yenye ua inapatikana kwa Sh 18,000, lakini ni kilomita 15 kutoka kwenye njia ya gari. Kwenda na kurudi ni kilomita 30. Lori linalotumia lita moja kwa kilomita tatu litachoma lita 10. Dizeli ikiwa Sh 2,800 kwa lita, hizo ni Sh 28,000, na usiku huo umegharimu Sh 46,000. Rahisi imekuwa ghali.

Kanuni inayotokana na mifano hiyo ni fupi. Kulala nje ya mji kuna nafuu pale tu nyumba inapokuwa kwenye njia ambayo gari lingepita hata hivyo, na pale ua unapokuwa sehemu ya bei ya chumba.

Safari ya Kigoma mjini

Kasulu ni karibu kilomita 100 kutoka Kigoma mjini, na kwa lami umbali huo haumlazimishi mtu kulala mjini. Mwenye mzigo wa soko la Mwanga, au wa kuvushwa ziwani kupitia Kibirizi, ana njia mbili za kupanga.

Ya kwanza ni kulala Kasulu, gari likiwa kwenye ua unaofahamika, na kuondoka usiku wa manane ili kufika soko linapofunguliwa. Njia hii inamfaa aliyepakia mchana na kumaliza jioni. Sharti lake ni geti linalofunguliwa saa 9 usiku bila ugomvi, pamoja na dereva aliyelala vya kutosha.

Ya pili ni kusogea jioni na kulala kabla ya kuingia mjini, kwa mfano upande wa Kidahwe, ambako barabara ya Kasulu hukutana na ya Uvinza. Inamfaa zaidi anayetoka Kibondo, kwa kuwa ameshakata kilomita nyingi na uchovu umeanza. Kulala katikati ya mji kubaki kwa mwenye gari dogo, au kwa mwenye shughuli za benki, bandari au reli zinazohitaji kuwahi dirishani.

Safari ya Dar es Salaam

Kwa Dar es Salaam hesabu ni kubwa zaidi. Gari linalotoka Kasulu kupitia Kibondo, Nyakanazi, Kahama, Singida, Dodoma na Morogoro hulala zaidi ya mara moja njiani, na usiku wa mwisho ndio wenye gharama. Anayeingia jijini jioni akiwa na maharage ya Tandale au Tandika hukuta foleni, mitaa myembamba na soko lililokwisha kufungwa. Magari makubwa pia huwekewa mipaka ya kuingia katika baadhi ya barabara za katikati ya jiji. Hata maegesho ya barabarani, ambayo tangu 2021 hulipiwa kwa mfumo wa kielektroniki kwa kumbukumbu namba ya malipo, ni huduma ya saa za mchana isiyo na ulinzi wa shehena.

Nafuu iko katika miji iliyo kwenye Barabara ya Morogoro kabla ya jiji: Chalinze, Mlandizi na Kibaha. Humo viwanja ni vipana kuliko Kariakoo au Manzese, na nyumba nyingi zilijengwa zikiwalenga madereva. Jambo la kuzingatia ni mizani ya Vigwaza, iliyo kati ya Chalinze na Mlandizi. Anayelala Chalinze anabakiza mizani ya asubuhi, na foleni ikiwa ndefu atachelewa soko. Anayelala Mlandizi au Kibaha amekwisha kupima, na alfajiri ana kazi ya kuendesha tu.

Kwa mwenye gari dogo, eneo la Mbezi Luis, kilipo kituo kikuu cha mabasi kilichofunguliwa mwaka 2021, lina nafuu ya aina nyingine. Anaweza kuliacha gari kwenye ua wa gesti na kuingia mjini kwa basi, akaepuka mafuta ya foleni na ushuru wa maegesho.

Maswali kabla ya kulipa

Mgeni mwenye gari hulipia vitu viwili, hivyo avikague vyote kabla ya kutoa fedha. Mambo ya kuuliza ni haya:

Geti lina upana na urefu gani, na je, gari linaweza kugeuka ndani au litatoka kinyumenyume? Linafungwa saa ngapi, na nani hulifungua alfajiri?

Mlinzi ni wa nyumba hiyo au ni wa mtaa? Anakesha, au analala kibandani?

Uwanja umewekwa kokoto au ni udongo mtupu? Udongo wa Kasulu na Kibondo wakati wa masika hunasa lori lenye tani 10, na kulikwamua ni gharama nyingine.

Maegesho yamo katika bei ya chumba? Utingo atalala wapi, na ataoga kwa kulipia au bure?

Baadhi ya nyumba hubandika tangazo kuwa gari huegeshwa kwa dhamana ya mwenyewe. Mgeni akilikuta, asibishane usiku. Ahesabu magunia mbele ya mlinzi, aandike idadi pamoja na namba ya gari kwenye stakabadhi ya malipo, na meneja atie saini. Akihesabu tena asubuhi, kila mmoja ana kumbukumbu. Jina liandikwe pia katika kitabu cha wageni, kwani likitokea tatizo polisi huanza na kitabu hicho.

Safari ya kurudi hubadili hesabu. Gari tupu halihitaji ulinzi uleule, hivyo chumba cha bei ya chini kinaweza kutosha. Likirudi na bati, saruji au sabuni za madukani, masharti ya mwanzo yanarejea.

Somo kwa wenye gesti

Wamiliki wa nyumba za Kasulu na Kibondo wasidhani kuwa kupunguza bei ya chumba pekee kutawarudisha madereva. Lami imempa dereva uwezo wa kuipita miji yote miwili bila kusimama. Kinachoweza kumfanya asimame ni uwanja: kokoto, taa, geti pana, mlinzi anayekesha, maji ya kuoga usiku na chai ya alfajiri. Vitanda na televisheni vinapatikana hata miji mingine, lakini ukuta mrefu uliojengwa enzi za magari ya mashirika ni rasilimali ambayo mshindani mpya atalazimika kuigharimia leo kwa bei ya leo.

Aliye na ua usiotumika anaweza pia kupokea magari ya wenye mizigo wanaolala kwa ndugu zao mjini, kwa malipo ya usiku mmoja mmoja, bila kuongeza hata chumba kimoja. Kabla ya kuanza, apate ufafanuzi wa halmashauri kuhusu leseni na ushuru, ili mapato hayo yasije kumgeukia kuwa deni.

Kwa mnunuzi wa maharage, gharama ya kulala iingizwe katika bei ya gunia tangu siku ya kununua. Usiku wa Sh 25,000 ukigawanywa kwa magunia 100 ni Sh 250 kwa gunia, kiasi ambacho soko linaweza kukibeba. Gunia lililoibwa halina wa kugawana naye hasara.